Nusu ya Chini ya Picha

Nilikwenda Haneti kuwapiga picha kwelea kwelea, nikawapata wengi kuliko nilivyowaombea. Ni ndege wadogo, mmoja anaenea kwenye kiganja, na ukimkuta peke yake kwenye mti wa miiba, na mdomo wake mwekundu, unaweza hata kumwonea huruma. Lakini hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kundi zima, uwele na mtama ukianza kukomaa, na shamba walilolishukia asubuhi, jioni linabaki mabua.

Shamba lilikuwa la mke na mume niliowahi kupanga kwao chumba. Nilifundisha sekondari ya huko kwa miaka kadhaa kabla sijahamishiwa Dodoma mjini, na muda wote ule nilikaa kwenye ua wao. Walikuwa wametoka Kondoa, wameoana karibuni, hawajapata mtoto. Mke nilimwita mdogo wangu, mimi nikawa dada yake, mume nikamwita shemeji, na wao wakaniita mwalimu mpaka leo. Shemeji alikuwa na kibanda cha nafaka sokoni mjini. Wiki nzima yuko kibandani, Ijumaa anarudi nyumbani. Mke ndiye aliyelima. Nilipohama tulibaki ndugu. Mtoto alipozaliwa nilikwenda kumwona akiwa bado mwekundu.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu kwamba ndege wameingia mashamba ya jirani na kesho watakuwa kwake, nilikwenda na kamera, nikalala chumba changu cha zamani. Shemeji naye alifunga kibanda akaja, ingawa haikuwa Ijumaa.

Kulipopambazuka tulikuwa shambani. Mdogo wangu alipanda kwenye dungu, ule ulingo wa miti ambao mtu anakaa juu yake kuamia ndege, akawa anarusha mawe kwa kombeo. Kila jiwe lilipotua, kundi liliinuka na kutua hatua chache mbele, kana kwamba linamsogelea kwa adabu. Shemeji alikuwa upande mwingine, karibu na barabara, akigonga debe. Mimi nilisimama katikati, yeye nyuma yangu, mke mbele yangu. Jua lilipopanda kidogo, mdogo wangu akashuka kwenye dungu akasimama kati ya mabua yaliyokwisha kunyonyolewa. Hapo ndipo kundi zima lilipoinuka kwa mara moja. Sijui ni nini kiliwashtua. Walikwenda juu, wakajikunja, wakafunguka kama shuka linalokung'utwa na watu wawili, na mwanga ukapita katikati yao. Nilipiga picha.

Kwenye picha ile, juu kulikuwa na ndege, anga nzima. Chini alikuwa mdogo wangu, mikono yote miwili kichwani.

Kufika adhuhuri ndege walikuwa wameshaondoka na hapakuwa na la kuokoa. Tulikaa chini ya dungu tukanywa chai iliyopoa. Shemeji aliokota suke moja, akalipukuchua, halikutoa kitu. Akamwambia mkewe, "Basi. Mwaka huu utakula cha dukani."

"Cha duka la nani?" mkewe akamuuliza.

"La mtu mmoja hivi, bahili sana."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Naukumbuka mchana ule zaidi ya mambo mengine yote, kwa sababu msiba wenyewe ulikuwa umeshatokea, na hao wawili walikuwa wameubeba pamoja, na haukuwaelemea.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Naishi Ihumwa, na kupiga picha za ndege ni starehe niliyoianza ukubwani. Tuko kwenye kundi la simu, watu wa kazi mbalimbali, tunatumiana picha na kukosoana. Somo la kwanza wanalokupa pale ni kukata. Wenyewe wanaita kukropu. Niliwahi kuwapelekea picha ya yangeyange aliyekuwa akitembea nyuma ya greda huku kwetu Ihumwa, viwanja vilipokuwa vikichongwa. Ndege alikuwa akiokota wadudu waliofukuliwa. Wakaniambia, mwalimu, greda la nini? Nikalikata. Akabaki ndege mweupe kwenye udongo mwekundu, ungedhani dunia imeumbwa jana na yeye ndiye wa kwanza kuikanyaga. Wote walifurahi, na mimi pia. Ndiyo starehe yenyewe: unaondoa nguzo ya umeme, unaondoa mfuko wa plastiki, anabaki ndege.

Picha ya Haneti niliwatumia nzima. Mmoja wetu, kijana mwenye ofisi ya usanifu na uchapaji mjini, akaniomba aiweke kwenye kalenda anayoitengeneza kwa ajili ya kundi. Nikamtumia faili lenyewe. Kalenda ilipotoka, nilikuta amebakiza anga tu. Ndege, mwanga, basi. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema vingine. Nikaitundika kwenye ofisi ya walimu, na mwenzangu wa Kiswahili alisimama mbele yake kikombe mkononi, akaniambia anatamani kuwa mahali penye utulivu kama ule. Nilimwambia ni Haneti. Hakuamini.

Miezi ilipita. Siku moja natoka sokoni kwetu Ihumwa na mzigo wangu, nikainua macho nikamwona mdogo wangu ubavuni mwa barabara, mkubwa kuliko nyumba.

Lilikuwa bango la mradi fulani wa chakula. Alikuwa amesimama kwenye mabua, mikono kichwani, kanga imemtelemka bega moja. Anga juu yake ilikuwa tupu kabisa, wameipaka rangi ya vumbi. Hakukuwa na ndege hata mmoja. Walikuwa wamekata juu kidogo ya vidole vyake. Chini yake maneno makubwa: LEO TENA ATALALA NJAA. Kisha maelezo ya namna ya kuchangia.

Niliweka mzigo chini. Watu walinipita. Nilichokiona mimi si kile walichokiona wao, na hilo lilinitisha zaidi ya bango. Mimi niliwaona ndege hata pale walipokuwa hawapo. Wao walimwona mwanamke aliyeachwa, peke yake, katika nchi isiyo na kitu.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa yule kijana. Alinipokea vizuri, akanivutia kiti.

"Mwalimu, shikamoo. Umeliona bango?"

"Marahaba. Nimeliona. Ile picha nilikupa kwa kalenda."

"Na kalenda ilitoka, mwalimu. Ile nusu ya juu ndiyo tuliitumia. Hii ya chini ilikuwa imebaki." Alisema hivyo kama fundi cherehani anavyozungumzia kitambaa kilichobaki. "Hawa wa mradi walitaka mtu mwenye huzuni, wana haraka, nikaona inafaa. Mbona imetoka vizuri?"

"Yule ni mtu. Namjua. Ana mume, na mume wake anauza nafaka."

Hapo akaivuta simu yake. Hakuwa mtu mbaya, na naliandika hili makusudi, kwa sababu kwa muda mrefu nilitaka awe mbaya. Aliwapigia simu watu wa mradi nikiwa nimekaa palepale. Walimjibu kwamba mabango yako mengi, yameshalipiwa, na mkataba una muda wake. Ukiisha yatashuka yenyewe. Mmoja wao aliomba kuzungumza nami, sauti ya kike, mpole sana. Alinieleza kwamba njaa ipo kweli mkoani, na kwamba mama yule anawasemea wengi.

"Mwenyewe anajua kwamba anawasemea?" nilimuuliza.

Akasema ndiyo maana hawakuandika jina lake.

Sikupata nafasi ya kumwambia mdogo wangu. Kabla sijafika nyumbani alikuwa ameshapiga.

"Mwalimu, umeniona?"

"Nimekuona."

"Yeye ameniona kabla yako."

Sokoni kwa mumewe kulikuwa na bango jingine, upande wa pili wa barabara, likitazama vibanda vya nafaka. Wenzake ndio waliomwonyesha. Mwanzoni walitania, kama wanavyotaniana wafanyabiashara wakiwa hawana wateja. Wewe unauza uwele kwa debe, mkeo anaomba kibaba. Wewe unajenga mjini, mwenzio analala njaa. Mteja mmoja mama mtu mzima, ambaye hakuwa akitania, alimwambia mbele ya watu kwamba Mungu anamwona. Shemeji alifunga kibanda akapanda gari la Haneti. Alipofika hakusalimu. Alimuuliza mkewe, "Ulikwenda kunisema kwa nani?"

"Ukamjibuje?" nilimuuliza kwenye simu.

"Sikumjibu, mwalimu."

"Kwa nini usimwambie?"

"Angejua. Mtu aliyekunywa chai na mimi shambani siku ileile, angejua."

Nilijua nifanye nini, au nilidhani najua. Picha nzima nilikuwa nayo. Nikaenda kuichapisha kubwa, kwenye karatasi nzuri, juu na chini pamoja, ndege wote na mdogo wangu, bila kukata hata ukingo. Nilijiambia kwamba uwongo umetokana na kukata, basi ukweli utarudi kwa kutokata. Asubuhi iliyofuata nilikuwa sokoni.

Shemeji alikuwa amekaa nyuma ya magunia, mgongo ameipa barabara. Alikuwa amekihamisha kiti chake ili asilione bango, na sasa wateja walimkuta ametazama ukuta. Tulisalimiana. Aliuliza hali ya shule. Nikaikunjua picha juu ya gunia la mtama.

"Shemeji, angalia. Hii ndiyo picha yenyewe. Wale wameikata. Hakuwa analalamika kwa mtu yeyote. Ni ndege. Ona ndege."

Aliitazama kwa muda mrefu sana. Nikaanza kupata tumaini. Aliweka kidole juu ya ndege, akakishusha taratibu hadi kwa mkewe, halafu akakipeleka pembeni, kushoto, kisha kulia, akitafuta kitu hadi ukingo wa karatasi.

"Na mimi niko wapi?" akaniuliza.

Niliibana karatasi kwa mikono miwili isijikunje.

"Nilikuwepo, mwalimu."

"Ulikuwepo. Ulikuwa nyuma yangu."

"Nilikuwa nagonga debe. Mikono ilitoka malengelenge. Nilifunga kibanda, nikaacha wateja, nikaja. Hapa yuko peke yake." Alirudia, taratibu zaidi, "Hata hapa kwako yuko peke yake."

"Shemeji, mimi ni shahidi. Nitasema mbele ya yeyote."

"Utasimama hapa kila siku useme?" Hakuuliza kwa hasira. "Watu wanapita hapa asubuhi mpaka magharibi. Utamwambia kila mmoja?"

Akaikunja picha vizuri, kwa kufuata mikunjo yangu, akanirudishia. Kisha akaniambia jambo ambalo mkewe hakuniambia kwenye simu, na ambalo nilikuwa nimechelewa kulizuia. Alikuwa ameshampa mkewe talaka, moja, palepale uani, siku ile ya hasira. Mkewe alikuwa ameshachukua mtoto na kwenda kwao Kolo, huko Kondoa.

"Moja inarudika," nilimwambia. "Eda haijaisha. Mfuate."

"Nikimfuata nitakuwa nimekubali kwamba nilimtelekeza, sasa nimeona aibu. Wataniambia hivyo. Nitakuwa nimefukuzwa na bango."

"Na usipomfuata?"

Alimgeukia mteja.

Siku zile zote za eda nilifanya kila nililoweza, na ninaweza kusema kwamba hakuna lililosaidia. Nilirudi nyumbani nikafungua picha zote za asubuhi ile, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimepiga nyingi. Nilitafuta mkono wake, kivuli chake, ukingo wa debe, chochote. Kulikuwa na ndege wakitua, ndege wakiinuka, suke na ndege watatu, suke na ndege mmoja, dungu likiwa tupu. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Kwa nini ningegeuka? Ndege walikuwa mbele. Sauti ya debe lile ninayo masikioni hadi leo, lakini kamera haikuichukua.

Nilimwomba yule kijana wa ofisi aje nami kwa shemeji aeleze mwenyewe. Alikuja, na alieleza vizuri, aliomba radhi kwa heshima zote. Shemeji alimsikiliza, akamwambia amesamehe. Nadhani alimsamehe kweli. Halafu akaendelea kupima mchele. Nilituma picha nzima kwenye kundi letu na maelezo marefu ya yaliyotokea. Wengi walisikitika. Mmoja aliandika kwamba kisa kinagusa moyo, ila kiufundi ile ya kalenda ina nguvu zaidi, kwa sababu hii nzima jicho halijui pa kukaa. Aliandika bila ubaya wowote, na alikuwa anasema kweli, hata mimi naona. Jicho halijui pa kukaa.

Nilikwenda Kolo eda ilipokuwa imeshapita.

Kaka yake ana nyumba kando ya njia ambayo magari ya watalii hupita kwenda kwenye michoro ya miambani. Nilimkuta mdogo wangu uani anapepeta mahindi ya watu. Alisimama, akanipa shikamoo, akaninawisha mikono, akaniletea uji. Mtoto alikuwa ameanza kutembea; hakunikumbuka. Tulizungumza mambo ya mvua na shule mpaka nikashindwa kuendelea hivyo.

"Mdogo wangu, ningejua siku ile ungeumia hivi—"

"Siku ile sikuumia, mwalimu."

"Nilikuona. Mikono kichwani."

Alinitazama kama anayejaribu kuelewa nimesema nini. Kisha akainua mikono yake yote miwili, akaiweka kichwani, palepale uani, na ungo umebaki mapajani.

"Hivi?"

"Hivyo."

"Nilikuwa nimechoka mabega. Nilirusha mawe tangu alfajiri. Ukiiweka mikono juu hivi, damu inashuka, mabega yanapumzika." Akaishusha. "Kwani wewe ulifikiri nalia?"

Nilifikiri hivyo. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, namfahamu tangu akiwa bi harusi, na nilifikiri hivyo. Nilipoitazama picha nzima kule nyumbani, usiku na mchana, nilikuwa nikijiambia kwamba mimi peke yangu ndiye ninayejua maana yake.

"Yeye anajua," nilisema. "Yeye alikuwepo. Bado anaweza kukuoa upya."

"Ameleta posa?"

"Hajaleta."

"Basi." Alirudi kupepeta. Pumba zilikwenda na upepo hadi kwenye nyanya za kaka yake. "Wale watu wa mradi walikuja hapa, unajua? Walinitafuta mpaka wakanipata. Walileta unga na mafuta, wakataka kunipiga picha nyingine nikiwa nacheka, kuonyesha kwamba nimesaidika."

"Ukasemaje?"

"Kaka aliwafukuza. Lakini unga tuliupokea. Sasa ni kweli, nilikuwa sina unga."

Alisema hilo bila kunitazama. Kabla ya bango alikuwa na mume mwenye magunia kibanda kizima. Bango lilisema uwongo, halafu likakaa pale ubavuni mwa barabara, likasubiri, mpaka likawa linasema kweli.

Alinisindikiza barabarani kusubiri gari. Mtoto alilala mgongoni kwake. Gari la watalii lilipita, mtu mmoja dirishani akainua kamera kuelekea miambani, na mdogo wangu akajifunika kanga usoni mpaka lilipopita. Sidhani kama alijua kwamba amefanya hivyo.

Nilimwambia nitarudi Iddi, nimletee mtoto nguo.

"Usije, mwalimu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Si kwa ubaya," alisema. "Wewe ni dada yangu. Lakini ukija, majirani wanauliza ni nani, kaka anaeleza, na wakielezwa wanalikumbuka bango. Mimi nataka wasahau. Ukikaa mbali, watasahau upesi."

Gari langu likaja. Alinipa mkono, akanishikia mkoba mpaka nilipokaa, akamwambia kondakta anishushe vizuri maana ni mwalimu. Sijarudi Kolo tangu siku hiyo. Shemeji ameoa mwanamke wa mjini, na nafaka nanunua kwa mtu mwingine.